Mabano kwa Rangi ya Mafuta

Shemeji yangu alisimama juu ya ngazi, akafumba jicho moja, akasema kalsiamu haidroksaidi imekaa vibaya.

"Imekaa vibaya vipi?" nikamuuliza.

"Imeelemea kulia. Tazama mwenyewe. Kushoto kuna herufi mbili tu, kulia kuna mzigo wote huu: mabano, herufi, mabano tena, halafu kinamba kinaning'inia chini kama kitasa kilicholegea. Macho ya mtu yanateleza."

"Macho ya mtu hayana kazi hapo, shemeji. Hiyo ni fomula."

"Macho ya mtu ndiyo kazi yangu," akasema, akachovya brashi.

Mume wa mdogo wangu ni mchora mabango, na mjini ni wachache wanaolijua jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Mstari, kwa sababu hupiga mstari mrefu ulionyooka bila rula wala kamba ya chaki, huku akiongea, mara nyingine huku akicheka. Nimewahi kuupima mmoja kwa rula nikitumaini kupata kasoro. Sikuipata. Kwa herufi yeye ni bingwa. Tatizo ni kwamba fomula za kemia zina sura ya herufi, na akiona chochote chenye sura ya herufi huamini ni mali yake.

Wazo la kuchora ukuta lilikuwa la Mkuu wa shule. Maabara yetu ilikuwa imejengwa upya baada ya dari la zamani kuoza na kuanguka, na ili wasichana wetu waweze kufanyia humo mtihani wa vitendo wa kumaliza shule, ilibidi mkaguzi aje kuipitisha. Mwaka uliotangulia hatukuwa na kibali. Wanafunzi wangu walipelekwa shule ya wavulana, upande wa pili wa mji, kwenye meza zilizowafika kifuani na chupa zilizopangwa kwa utaratibu ambao nadhani hata wenyeji hawakuujua. Msichana aliyekuwa bora kuliko wote alipoteza sehemu kubwa ya muda wake akitafuta chupa ya silva naitreti, nayo ilikuwa nyuma ya ndoo. Hakupata alama za kumwingiza chuo alichokitaka. Siku hizi anasimama kwenye duka la viatu karibu na stendi, na kila nikipita hunisalimia kwa adabu, jambo linaloniuma kuliko kama angenitukana.

Mwaka huu sikutaka kumsafirisha mtoto hata mmoja. Kwa hiyo nilikagua mabomba, nikajaza ndoo ya mchanga, nikabandika chupa zote vibandiko vipya. Nilidhani imetosha.

"Mkaguzi akiingia, aone kitu," akasema Mkuu.

"Ataona bureti."

"Bureti kila shule inazo, Mwalimu. Aone ukuta!"

Mkuu alifundisha historia kabla ya kupanda cheo, na bado anaamini kuwa kila jambo lina sababu tatu na kila jengo linahitaji maandishi. Akamtafuta fundi, akampata shemeji yangu, akaniambia kwa furaha kwamba kazi imebaki nyumbani. Hakujua kwamba kazi iliyobaki nyumbani ndiyo usiyoweza kuikataa wala kuilalamikia.

Nilichora mpango kwenye karatasi ya grafu. Lilikuwa jedwali la kawaida: ubavuni ayoni za chaji chanya, yaani sodiamu, kalsiamu, alumini na amoniamu, juu makundi ya chaji hasi, yaani naitreti, haidroksaidi, kaboneti, salfeti na fosfeti. Mahali safu mbili zinapokutana pana mraba, na ndani ya mraba fomula ya kampaundi inayopatikana. Niliiandika kwa herufi za wazi. Mwenye macho angeinakili tu.

Siku ya kwanza aliandika kila kitu kwa herufi kubwa. Nilikuta CA, NA, AL, zimesimama kama askari kwenye gwaride.

"Shemeji, herufi ya pili ni ndogo."

"Nilijua ni mwandiko wako. Walimu mna haraka."

"Si mwandiko. Co ni kobalti, ni metali. CO ni gesi inayoua watu waliolala chumbani na jiko la mkaa. Tofauti yake ni ukubwa wa herufi moja."

Akashuka ngazi taratibu, akafuta mikono. "Basi hii kemia yenu ina kinyongo," akasema. Lakini akafuta, akaanza upya.

Mara ya pili herufi zilikuwa sawa, ila namba zote zilikuwa na kimo kimoja na herufi. Akajitetea kwamba namba ndogo hazisomeki kutoka mlangoni. Nikamwambia hakuna anayefanya hesabu akiwa mlangoni. Akasema mimi sijui kinachomfanya mtu aingie dukani. Nikamwambia hapa si dukani. Mdogo wangu akanipigia simu jioni ile kuniuliza kwa nini mumewe amerudi nyumbani amenuna, na kama nimemsema mbele za watu. Nikamjibu nimemsema mbele ya ngazi.

Vipindi havikusimama. Yeye alichora nyuma ya darasa, mimi nikafundisha mbele, na harufu ya thina ikawa kati yetu. Wiki hiyo tulikuwa kwenye mada ile ile ya ukutani, na nilimwita ubaoni msichana ambaye wenzake walimpachika jina la Mbona, kwa sababu hajawahi kupewa jibu akaridhika nalo. Nimefundisha miaka mingi na najua thamani ya mwanafunzi anayeuliza. Najua pia kwamba kipindi kina mwisho.

"Andika alumini naitreti," nikamwambia.

Akaandika Al yenye chaji tatu, akaandika NO₃ yenye chaji moja. Akafikiri huku anatafuna mwisho wa kalamu, akasema ili chaji zilingane alumini moja inahitaji naitreti tatu. Akaandika Al(NO₃)₃. Ilikuwa sawasawa. Nikaanza kumshukuru ili akae.

"Lakini Mwalimu, mbona tunajisumbua na mabano? Tatu mara tatu ni tisa. Si tuandike tu AlN₃O₉? Atomi ni zile zile."

Darasa likaguna. Wengine walikuwa wameshafunga madaftari.

"Atomi ni zile zile kwa idadi," nikasema. "Lakini ukiimwaga kwenye maji hutapata naitrojeni tatu na oksijeni tisa zikizurura kila moja kivyake. Utapata naitreti tatu, kila moja imeshikana na oksijeni zake. Kundi la naitreti halivunjiki pale. Linaingia pamoja na linatoka pamoja. Mabano yanakuonyesha nani yuko na nani."

Akanitazama kwa uso wa mtu aliyepewa chenji pungufu.

Ndipo sauti ikatoka juu ya ngazi: "Ni kadi za mwaliko, binti. Kadi moja, watu wanne. Huyo alumini amealika kadi tatu. Sasa wewe ukienda kuwahesabu watu mmoja mmoja mlangoni, utawachanganya watoto wa huyu na wa yule. Waache waingie kwa kadi."

Wasichana wakacheka. Mbona akasema "Ahaa!", akarudi kwenye kiti chake, akaandika. Naitrojeni moja na oksijeni tatu, jumla watu wanne. Mfano ulikuwa sahihi, hata hesabu yake ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilikuwa nimetwanga maji kwenye kinu kwa wiki nzima, na aliyeleta unga ni mtu aliyeandika CAOH2.

Hata hivyo, tangu siku hiyo kazi ilinyooka. Alilalamika kuhusu kalsiamu haidroksaidi kuelemea kulia, lakini mabano akayaweka. Jumatatu jioni alichora jina lake kwenye pembe ya chini, *Mstari*, kwa herufi za mlazo, kama anavyofanya kwenye kila kazi yake. Nilipitia mraba mmoja mmoja nikiwa na karatasi yangu mkononi. Zote zilikuwa sahihi. Nilikwenda nyumbani nikala, nikalala usingizi mzuri. Mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake.

Asubuhi nilifungua mlango wa maabara nikakuta ukuta hauna mabano.

Sikuamini mara moja. Nilifikiri ni mwanga. Nikasogea. Mahali palipokuwa na mabano palikuwa na mabaka ya rangi nyeupe mbichi, yamepakwa kwa ustadi, na herufi zilikuwa zimesogezwa zijaze nafasi. Kalsiamu haidroksaidi ilikuwa imekaa katikati ya mraba wake, imenyooka, CaOH₂. Amoniamu salfeti ilisomeka NH₄₂SO₄. Na alumini naitreti, kwa maandishi mazuri kuliko yote ukutani, ilikuwa AlNO₃₃.

Mkuu aliingia nyuma yangu akiwa amevaa tai.

"Umeona?" akasema. "Sasa ina msimamo."

"Mkuu, nani amefuta mabano?"

"Nilipita jana jioni mlipokwisha ondoka. Nikatazama. Nikaona mengine yana mabano, mengine hayana. Sodiamu haina, kalsiamu inayo. Nikajiuliza, mkaguzi atatuelewaje? Shule inayoandika hivi hapa na vile pale ni shule isiyo na utaratibu. Nikampigia fundi simu arudi. Nikamwambia ama yote yawe nayo, ama yote yasiwe nayo. Akasema kuyaweka yote kutakula usiku kucha, kuyafuta ni kazi ndogo." Akanyoosha tai. "Isitoshe, mabano ni ya maneno ya pembeni. Ni kama kunong'ona. Kwa nini ukuta wa shule unong'one?"

"Mkuu, tazama hapa. Hii namba inasema kuna oksijeni thelathini na tatu."

"Zilikuwa ngapi?"

"Tisa."

"Basi zimeongezeka," akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza mavuno.

Nilichukua chaki nikajaribu kuandika mabano kwa mkono. Chaki haishiki kwenye rangi ya mafuta. Iliteleza kama kwenye kioo. Nilijaribu kalamu nene ya ofisini. Mahali pa kuweka mabano ndipo palipopakwa usiku, na rangi ilikuwa bado mbichi, ikajikunja chini ya kalamu na kuacha alama ya kijivu kama konokono amepita. Nilimpigia shemeji simu. Simu haikupokelewa. Nikiwa nimesimama pale na kalamu mkononi, gari la mkaguzi likaingia getini.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, amevaa viatu vya chini, na hakupoteza neno. Alifungua kila bomba. Alinusa mipira ya gesi. Aliinua ndoo ya mchanga kuona kama kweli imejaa mchanga, akasema wengine hujaza magazeti na kumwaga mchanga juu yake. Alisoma vibandiko vya chupa zangu kimoja kimoja na mara mbili akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ukuta aliutupia jicho mara moja tu, kwa mbali, kutoka mlangoni. Nilimkumbuka shemeji. Kutoka mlangoni ulisomeka vizuri sana.

Mkuu alinikonyeza.

"Naomba mwanafunzi mmoja," akasema mkaguzi, akawageukia wasichana waliokuwa mezani. "Yeyote. Wewe hapo, unayenitazama."

Alikuwa anamwelekezea kidole Mbona.

"Njoo mbele na daftari lako. Utaratibu ni kwamba mwalimu hazungumzi. Binti, nataka kujua unavyojiandaa kabla hujagusa mizani. Moli moja ya alumini naitreti ni gramu ngapi? Tumia chochote kilichomo humu ndani."

Hesabu hii nimeifanya nao darasani. Alumini ni ishirini na saba. Naitreti moja, yaani naitrojeni na oksijeni zake tatu, ni sitini na mbili. Mara tatu ni mia moja themanini na sita. Jumla ni mia mbili kumi na tatu. Ilikuwa kwenye daftari lake. Niliiwekea tiki mwenyewe.

Mbona akafungua daftari. Akasoma. Akainua macho akatazama ukuta. Akarudi kwenye daftari. Akatazama ukuta tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, na nikamwona anaweka kidole juu ya daftari lake kama anayemziba mtu mdomo. Akaandika. Akajumlisha. Akasema:

"Gramu mia tano sitini na tisa."

Mtu mmoja nyuma akashusha pumzi. Nadhani nilikuwa mimi.

"Umepataje?" akauliza mkaguzi.

"Alumini moja, naitrojeni moja, oksijeni thelathini na tatu."

"Nionyeshe hizo oksijeni."

Mbona akanyoosha kidole ukutani. Mkaguzi akageuka, akavaa miwani, na kwa mara ya kwanza akausogelea ukuta. Alisoma mraba mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye haidrojeni arobaini na mbili za amoniamu salfeti alisimama kidogo.

"Na daftari lako linasema nini?" akauliza bila kugeuka.

"Linasema mia mbili kumi na tatu."

"Kwa nini hukulifuata?"

"Daftari nimeandika mimi, kwa kalamu," akasema Mbona. "Ukuta umeandikwa kwa rangi ya mafuta."

Nilimtazama Mkuu. Mkuu alikuwa anaitazama ndoo ya mchanga.

Mkaguzi akavua miwani. "Mabomba yenu ni mazuri, na chupa zenu ni nadhifu kuliko zote nilizoona mwaka huu. Lakini mtoto atakayekaa hapa siku ya mtihani, muda unamkimbia, atatazama ukuta huu, na atapima chumvi zaidi ya mara mbili na nusu ya inayotakiwa. Siwezi kuipitisha. Nitarudi Ijumaa. Nikiukuta hivi hivi, watafanyia mtihani kwa wavulana."

"Utasahihishwa," nikasema.

"Utaratibu ni kwamba mwalimu hazungumzi," akasema, akaondoka.

Shemeji alipokea simu saa za mchana. Alikuwa juu ya jengo upande wa pili wa mji, anachora jina la gereji, na upepo ulikuwa unamla maneno.

"Kwa nini umeyafuta?" nikamuuliza. "Wewe mwenyewe uliwaeleza watoto habari za kadi!"

"Mkuu ndiye mwenye kazi, shemeji. Mteja hasahihishwi. Kuna kinyozi aliniambia niandike 'Tunanyoa Vichwa Vipya'. Nikaandika. Mwingine nilimsahihisha, akanipa mgongo, akampa kazi mtu mwingine."

"Ulijua ni makosa?"

"Nilijua. Lakini na mimi, nisiseme uongo, kalsiamu ilikaa vizuri zaidi."

"Njoo uyarudishe kabla ya Ijumaa."

"Nitakuja Jumamosi."

"Jumamosi inakuja baada ya Ijumaa!"

"Hilo hata mimi nalijua, Mwalimu," akasema, na upepo ukachukua kilichobaki.

Nilimpigia mdogo wangu. Nilimweleza habari yote kwa utaratibu, tangu chaji hadi gramu. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ana subira kuliko mimi, kisha akasema: "Dada, na wewe umezidi. Mabano tu?"

Alhamisi mchana nilinunua brashi na kopo dogo la rangi nyeusi, nikapanda ngazi mwenyewe. Mabano ni mkunjo mmoja tu. Nilipima kwa rula, nikaweka alama kwa penseli, nikashusha pumzi, nikachora. Bano la kwanza lilinona kiunoni. La pili, ambalo lilipaswa kuwa pacha wake, likakonda kama mbu. La tatu lilidondosha tone lililoteremka polepole hadi mraba wa chini na kugeuza fosfeti kuwa kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye kitabu chochote. Fomula zilikuwa zimebanwa katikati ya miraba, hakukuwa na nafasi, kwa hiyo mabano yalipita juu ya herufi kama watu wanaogombea kiti.

Mbona na wenzake wawili walikuwa wanaosha vyombo vya maabara.

"Mwalimu, mbona hili limelala?"

"Osha bureti."

"Kama mgonjwa."

"Osha bureti!"

Yalikuwa mabaya, lakini kwa kemia yalikuwa sahihi, na mimi nilikuwa tayari kwenda mbele ya mkaguzi na mabano mabaya yaliyo sahihi. Nilipiga picha ukuta mzima, nikamtumia mdogo wangu, nikaandika chini yake: *Mwonyeshe mumeo. Kazi imekwisha, asijisumbue Jumamosi.* Nitakuwa mwongo nikisema niliituma kwa nia njema.

Jua halijashuka, mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Mstari alikuwa na rangi ya bluu ya gereji kwenye nywele na hakusalimia.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi."

"Kwenye ukuta wangu?" Alinyoosha kidole kwenye pembe ya chini. "Pale pana jina langu! Watu wakiingia hapa watasema Mstari amepata kiharusi!"

"Ondoa jina."

"Siondoi jina! Shuka kwenye ngazi. Shemeji, nakuheshimu, wewe ni dada wa mke wangu, lakini shuka kwenye ngazi."

Nikashuka. Akafuta kazi yangu yote, pamoja na fomula zilizobanwa, kwa kitambaa cha thina, kwa hasira, huku akisema peke yake maneno ambayo wasichana hawakupaswa kuyasikia na waliyasikia. Kisha akatulia. Akachovya brashi nyembamba, akauliza bila kunitazama:

"Kalsiamu na haidroksaidi. Kadi ngapi?"

"Mbili."

"Mabano. Sodiamu na haidroksaidi?"

"Moja."

"Kadi moja haina haja ya mabano, unaingia tu. Amoniamu na salfeti?"

"Hapo salfeti ni moja, amoniamu ni mbili."

"Kwa hiyo mabano yanakwenda kushoto." Akafumba jicho moja. "Hiyo nayo itaelemea kushoto. Kalsiamu inaelemea kulia. Wacha zivutane."

Tulikwenda hivyo mraba kwa mraba. Sikuwa na la kusahihisha hata mara moja, na nilikaa nikitafuta. Mkuu alipita akielekea nyumbani, akachungulia, akatazama ukuta unaorudishiwa kunong'ona kwake. Nikaona kidole kinainuka.

"Sasa mbona alumini fosfeti haina mabano na hii ya—"

"Kadi moja, Mkuu," akasema Mstari bila kugeuka.

"Kadi gani?"

"Mteja hasahihishwi," nikamnong'oneza shemeji.

"Leo siyo mteja," akajibu, tena kwa sauti. "Leo anapita tu."

Mkuu alibaki mlangoni kidogo, akaniambia nihakikishe milango imefungwa, akaenda zake.

Ijumaa mkaguzi alikuja asubuhi. Hakugusa mabomba wala ndoo. Aliuendea ukuta moja kwa moja, akasoma miraba yote kwa miwani, kisha akamwita yule yule.

"Alumini naitreti, moli moja."

Safari hii Mbona hakufungua daftari kwanza. Alichukua karatasi tupu, akaandika ayoni mbili na chaji zake, akapata fomula, akajumlisha. Baadaye ndipo akafungua daftari akalinganisha, na mwisho kabisa akainua macho ukutani.

"Mia mbili kumi na tatu."

"Umefuata daftari au ukuta?"

"Nimehesabu mwenyewe. Hivyo vingine nimevitazama tu kuona kama vimekosea. Siku hizi siviamini."

Mkaguzi hakutabasamu, lakini alichukua muda kufungua kalamu yake. "Mtihani watafanyia hapa," akasema, akasaini juu ya meza ya mbele, mbele ya Mkuu, ambaye alimshukuru kwa maneno mengi.

Wasichana walipiga vigelegele hadi nikalazimika kuwatoa nje. Niliwapa muda huo. Kisha nikahesabu bureti, nikafunga gesi, nikazima taa.

Mkuu alinisubiri kwenye kibaraza, uso unang'aa.

"Mwalimu, umeona nguvu ya ukuta! Nimewaza. Ukuta wa nje, ule unaotazama barabara, tuweke jedwali la elementi. Zote! Fundi tunaye." Akashusha sauti. "Ila nimelitazama lile la kitabuni, halina mpangilio kabisa. Haidrojeni iko huku peke yake, heliamu kule mwisho. Tuzipange kwa alfabeti."

Nilirudi ndani, nikaenda kuficha ngazi.